Kiti kisicho na mwenyewe

Kila msimu wa kaskazi huingia Lamu wanafunzi wa usanifu majengo wakiwa na tepu za kupimia. Husimama katikati ya njia kule Mkomani, mtaa wa mji wa kale, mmoja akashika ncha kwenye ukuta huu, mwenzake akavuta hadi ukuta wa pili, wakaandika, wakasonga mbele. Mimi ni mchoraji ramani za nyumba, na wengi wao huishia mezani kwangu. Swali lao la kwanza ni lile lile: njia ziwe na upana gani ili mtaa uwe wa watu na si wa magari? Wameshaamua njiani kwamba siri ya mji huu ni wembamba wa njia zake, na wanataka nambari waende nayo Nairobi.

Upana una kazi yake, sikatai. Kuta ndefu zilizokaribiana hutia kivuli karibu mchana kutwa. Njia zinazoteremka kuelekea baharini hupitisha upepo na kushusha maji ya mvua. Wazee walipima kwa punda: wawili wenye shogi wapishane bila kukwaruza chokaa. Ila mimi nimezaliwa Langoni, nimezitembea njia hizi usiku na mchana, na ninazijua njia nyembamba ambazo hata saa sita mchana mtu huzipita haraka haraka. Kuta tupu huku na huku, nyuma ya ghala upande mmoja, nyuma ya nyumba iliyohamwa upande wa pili. Na ninazijua nyingine, pana zaidi kidogo, ambako watu hukaa mpaka saa nne za usiku na mtoto hutumwa dukani peke yake. Ukitaka kujua kilichozitenganisha, iache tepu uangalie chini, pale ukuta unapokutana na njia. Kwenye zile za pili utakuta baraza, kiti kirefu kilichojengewa ukutani.

Baraza ni jambo dogo sana kwenye mchoro, mistari miwili tu sambamba na ukuta. Ya nyumba za zamani imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, sawa na ukuta wenyewe, kwa hiyo hakuna wa kuihamisha wala kuiiba. Urefu wake unafika gotini. Kina chake kinatosha mtu kukunja mguu mmoja na kuuning'iniza mwingine, na akichoka, kujilaza. Kwenye nyumba kubwa huwa mbili, zikitazamana ndani ya daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, na nyuma yao mlango wa nakshi. Nilipoanza kazi fundi mmoja mtu mzima alinionyesha jambo ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote: pembe ya mbele ya baraza huviringwa, haiachwi kali, kwa sababu hapo ndipo nyuma ya magoti hugusa. "Ukiiacha kali, mwanangu," aliniambia, "mtu atakaa lakini hatakawia."

Kukawia ndiyo shughuli yenyewe. Baada ya alasiri muuza kahawa hupita na dele lake, vikombe vikigongana. Bao hutolewa, au dhumna. Anayepita husalimu, na kwa kuwa waliokaa wako karibu naye kiasi cha kupeana mikono, haiwezekani kupita bila salamu bila kuonekana una lako jambo. Mgeni huulizwa anamtafuta nani. Mtoto aliyetoroka madrasa hupatikana kabla hajafika Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Jane Jacobs, aliyekuwa akiishi New York, aliandika mwaka 1961 kwamba usalama wa mtaa hutunzwa na macho ya watu wanaoutazama kuliko askari. Mzee wa hapa angeshangaa kuwa ilibidi iandikwe.

Na kuna jambo jingine kuhusu baraza ambalo tepu haiwezi kulipima. Ni mali ya mwenye nyumba, lakini haimhitaji mwenye nyumba. Unaweza kuketi kwenye baraza ya mtu usiyemjua vizuri, upumue, ufunge kamba ya kiatu, umsubiri mwenzio, wala hakuna atakayekuuliza. Pia unajua fika kwamba nyuma yako kuna mlango na nyuma ya mlango kuna watu, kwa hiyo hutatema mate ya tambuu pale wala kuacha maganda. Mwenye nyumba naye hupata faida: mgeni asiye wa kuingia ndani ana pa kupokelewa. Heshima ya ndani imehifadhika na ukarimu wa nje umetimia, bila mtu kuombwa radhi.

Nililielewa hilo kwa uzito wake wote pale Kashmiri. Kwa asiyejua, nyuma ya mji wa kale, kuelekea juu kwenye mchanga, kuna mitaa iliyoota baadaye: Kashmiri, Kandahari, Bombay, Gadeni, na kwingineko. Ule wa mawe uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na eneo lake halifiki hekta 16. Watu wengi wa Lamu hawakai humo. Wanakaa huku juu, kwenye nyumba za matofali, makuti na mabati, na huku ndiko kunakohitaji kufikiriwa, maana ule wa chini ulishafikiriwa na waliotutangulia.

Basi palikuwa na kiwanja kitupu, kitakatifu kwa watoto wa mpira, na mradi mmoja ukaja kukitengeneza kuwa bustani ya kupumzikia. Michoro ilitoka mbali. Waliweka mabenchi ya saruji katikati ya kiwanja, yamepangwa kwa mstari mzuri, na miche ya miti kando yake na pipa la taka. Siku ya ufunguzi palipigwa picha. Baada ya hapo hayakukaliwa. Asubuhi jua liliyapiga, mchana yalikuwa hayagusiki, jioni watu walikaa kwenye ngazi za nyumba jirani na kwenye ukuta mfupi wa msikiti huku wakiyatazama yale mabenchi kama samani za watu waliohama. Usiku yalikaliwa, lakini na vijana wa unga, na kukicha akina mama walikuta mabomba ya sindano.

Mkutano wa mtaa ukaitishwa. Wengi walitaka ukuta wa kuzunguka kiwanja na geti lenye kufuli. Nilikuwapo kwa sababu nilikuwa nikichora nyumba ya pili kutoka pale. Bibi mmoja mfuma ukili, ambaye mlango wake unatazama kiwanja, alisema maneno machache tu: "Kiti kisicho na mwenyewe kitapata mwenyewe usiku." Kisha akauliza yale mabenchi yangegharimu nini kuvunjwa na kujengwa upya ukutani kwake.

Haikuwa rahisi, kwa kuwa mradi ulishafungwa na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kugusa chochote. Mwisho mtaa ulifanya wenyewe, kwa mchango na nguvu za vijana wa mpira. Mabenchi yalivunjwa yakawa kifusi cha kujazia baraza ndefu kwenye ukuta wa yule bibi, upande unaopata kivuli kuanzia alasiri. Jirani yake akaona, akajenga yake. Mwenye duka wa pembeni akasogeza mlango wake utazame kiwanja badala ya barabara, akatundika taa. Katikati pakaachwa patupu, watoto wakarudishiwa mpira wao. Mateja hawakupotea Lamu, wala nisikudanganye, walihamia kwingine. Lakini pale hawakai tena, kwa sababu saa tatu za usiku bibi bado anasuka na mwenye duka bado anauza maandazi.

Nilichora mabaraza yale bila malipo na ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote, ingawa ukiiona kwenye karatasi utaidharau.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanafunzi wangu wa tepu huwa hawaliulizi. Baraza nilizozisifu hapo juu ni za wanaume. Kule Mkomani mwanamke hupita mbele ya baraza, haketi. Wajenzi wa zamani hawakutusahau sisi wanawake: palikuwa na kiwanda, yaani ua wa ndani, cha kuota upepo, palikuwa na dari, na palikuwa na wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya njia kikaunganisha nyumba mbili, ambapo mtu wa jinsia yangu aliweza kutoka kwao akaingia kwa dada yake bila kukanyaga chini. Njia ilikuwa na ghorofa mbili, moja ya wanaume na moja yetu. Ukitembea leo utapita chini ya mawikio ukafurahia kivuli chake, usijue kuwa umepita chini ya barabara ya watu.

Huku Kashmiri na Kandahari nyumba ni za chini, mawikio hayapo. Wanawake wamejitafutia. Nimekuwa nikitazama kwa jicho la kazi wanapotandika mikeka yao jioni kusuka, kuchambua mchele, kuuza viazi karai na achari ya embe, na karibu kila mara ni mahali pa aina moja: kwenye kona au penye njia inayopinda, wanapoweza kumwona anayekuja kabla yeye hajawaona, na wana mlango wa kuingilia nyuma ya mgongo. Hawakai kwenye mstari mnyoofu. Hawakai pasipo na pa kuondokea. Tangu nilipoling'amua hilo, mteja akiniletea ploti ya kona, huomba nirudishe ukuta ndani kidogo pale kwenye pembe, upatikane mfuko wa hatua tatu nne. Wanaume wenye ploti hulalamika kuwa ninawalia ardhi yao. Mke akiwapo kwenye mazungumzo, mara nyingi shauri huisha hapo hapo.

Kuhusu magari Lamu hatuna la kujigamba sana. Kwa miaka mingi yaliyokuwapo yalihesabika, la mkuu wa wilaya na mengine machache ya kazi, na kila kitu kingine kilibebwa na punda, rukwama na vichwa vya watu. Hilo lilitokana na kisiwa na njia zenyewe kuliko na busara yetu. Bodaboda zilipoingia tuliona jinsi uzoefu wetu wa karne ulivyokuwa mwepesi. Kaunti ilizipiga marufuku ndani ya mji wa kale, lakini huku juu zimejaa, na mchanga wa njia zetu umekuwa matuta.

Siwachukii vijana wale. Wengi nawajua, mmoja ni mtoto wa shangazi yangu, na ajira nyingine hawana. Mgonjwa wa usiku wa Wiyoni hawezi kungoja punda. Hoja yangu ni ya sauti na ya nafasi. Punda akija, mwenye punda huita "Simile, simile!", waliokaa hukunja miguu, punda hupita, miguu hunyooshwa, mazungumzo yanaendelea pale pale yalipokatika. Pikipiki ikija kila mtu hunyamaza, mtoto hudakwa mkono, kikombe hushikwa. Zikipita nyingi, watu huanza kuingia ndani. Kuna njia moja Gadeni ambayo mabaraza yake yote manne sasa yanaegeshewa pikipiki na kuanikwa nguo. Hakuna aliyekataza watu kukaa.

Hoja ya pili ninayokutana nayo, hasa kutoka kwa wenye maduka, ni kwamba njia isiyopita chombo cha moto ni njia ya njaa. Huwapa mfano wa Copenhagen. Mwaka 1962 mji ule uliifunga barabara yake ya maduka, Strøget, isipitishe magari. Wenye maduka walilia, na magazeti yakasema kwamba wao ni Wadenmark si Waitalia, kukaa kaa barabarani si desturi yao na baridi haiwaruhusu. Haikuchukua muda barabara ikajaa watu wa miguu, na leo ni miongoni mwa njia ndefu na mashuhuri za waenda kwa miguu Ulaya. Wenye maduka wa hapa hunisikiliza kwa adabu. Kisha hunikumbusha kwamba Denmark wana baiskeli na mabasi ya kuwafikisha hapo. Ni kweli. Ndiyo maana nimekuwa nikipendekeza kitu cha chini zaidi: vituo vya bodaboda vikae kwenye midomo ya mitaa, penye kivuli na maji ya kunywa, na kutoka hapo mtu atembee. Umbali wa ndani ya mtaa wowote wa Lamu ni wa mzee mwenye mkongojo. Mtaa mmoja umekubali na vijana wenyewe wamejenga kibanda. Mitaa mingine inangoja kuona.

Usafi nitauzungumzia kwa ufupi kwa sababu unaniudhi. Mtaro wazi unaopita mbele ya baraza huua baraza, hata iwe imeviringwa pembe namna gani. Mfuniko wa zege wenye matundu ni rahisi kuliko benchi, lakini haujawahi kupigwa picha siku ya ufunguzi. Mavi ya punda yanafagilika; maji ya jikoni yaliyolala hayafagiliki.

Pakitajwa uwanja wa umma Lamu, watu humaanisha Mkunguni, pale mbele ya ngome. Ngome ile ilimalizika kujengwa mwaka 1821, wakati huo bahari ikiwa inafika karibu na kuta zake; ufuo wa sasa ni ardhi iliyojazwa baadaye. Tangu 1910 mpaka 1984 ilikuwa gereza. Hebu fikiria: uwanja mkuu wa mji, na jengo lililoutawala ni jela, na bado watu walikaa. Walikaa kwa sababu soko liko ubavuni, Usita wa Mui unapita pale pale, miti ina kivuli, na misikiti iko karibu vya kutosha kumwita mtu na kumrudisha. Wakati wa maulidi na tamasha la utamaduni uwanja hujaa ngoma na mashindano ya bao, lakini uwanja haupimwi kwa siku ya sherehe. Nenda Jumanne saa nne asubuhi. Utakuta wazee, wabeba mizigo wakipumzika, watalii waliopotea, mwanamke na kapu la samaki akihesabu chenji, na paka. Kila mmoja yuko pembeni, ameegemea kitu. Katikati ni pa kupita.

Nimekuja kuamini kwamba hii ndiyo sababu uwanja wa kule Kashmiri ulikataa mabenchi ya katikati, na ndiyo sababu ploti mpya zinazopimwa na saveya kwa mistari minyoofu hunitia wasiwasi. Njia zake ni pana, kila ploti ina ukuta wake mrefu wenye vigae vya chupa juu, kila ukuta una geti la chuma. Jua linawaka bila kizuizi. Mtu akitoka getini ni kama ametupwa nje, hana kituo mpaka afike anakokwenda, kwa hiyo huita bodaboda kwa safari ambayo baba yake angeitembea akiwa anazungumza. Ardhi ya umma pale ni kubwa kuliko ya Mkomani yote, na haina hata mahali pamoja pa kuweka makalio.

Wateja wangu wa huko huogopa baraza, na wana sababu. Wameona mateja. Wameona vijana wakikaa kwenye baraza ya mtu wakitafuna miraa mpaka alfajiri. Mmoja aliyejenga Kandahari, mtu wa makamo, mfanyabiashara wa boriti, tulivutana naye muda mrefu. Nilitaka ukuta wake wa mbele uwe na baraza upande wa nje, na dirisha la sebule liifungukie. Yeye alitaka chupa. Mkewe alitaka kona ya mkeka. Tulipofika kwenye mchoro wa mwisho alikubali yote, baraza na dirisha na kona, ila alinitaka niandike kwenye ramani, kwa herufi kubwa, kwamba ni marufuku kwa vijana wa mtaa kukaa hapo.

Nikamwambia ramani haina mahali pa kuandika hilo, mzee wangu. Hilo utawaambia mwenyewe jioni, ukiwa umeketi nao.

"Na kama sitaki kuketi nao?"

Basi tuweke chupa, nikamjibu, na nitakupunguzia bei, maana ukuta mtupu hauchukui muda kuchora. Alicheka, akaniagiza kahawa. Msingi wa baraza umeshachimbwa. Bado hatujakubaliana kuhusu taa ya nje na bili yake italipwa na nani.